Kubadilisha oili ya pikipiki mwenyewe au kumlipa fundi: lipi linamfaa mtu anayetembea vijijini?

Ugani_Kilosa

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni afisa ugani wilayani Kilosa, na kazi yangu inanitaka niwafikie wakulima kwa pikipiki karibu kila siku, leo kata ya Rudewa, kesho kata ya Ulaya au Zombo, kwa njia ambazo kiangazi ni vumbi tupu na masika ni tope na vijito vya kuvuka. Pikipiki ni mali yangu mwenyewe, ya Kichina, ya cc 125, ya aina ambayo mafundi wa hapa huiita injini ya CG. Kwa mwezi natembea takribani kilomita elfu moja.

Hadi sasa nimekuwa nikimpelekea fundi. Lita moja ya oili ya 20W-50 (namba ya unene wake) nainunua dukani kwa shilingi 12,000, na fundi hunitoza 3,000 za kuimwaga ya zamani na kuweka mpya. Fedha hiyo hainiumizi sana. Kinachoniumiza ni kwamba siku ya kumwaga oili hugeuka kuwa siku ya kukaa kwenye benchi la gereji, na kazi yenyewe mara nyingi hufanywa na kijana anayejifunza, huku fundi mwenyewe ameinamia injini ya mtu mwingine. Mara ya mwisho nilikuta matone ya oili sakafuni asubuhi yake, na nilipomwita jirani aitazame, boliti ya chini ilikuwa haijakazwa vizuri. Namshukuru Mungu sikuwa nimeanza safari ya Ulaya.

Ninaomba kujua mambo matatu. La kwanza, je, mtu asiye fundi anaweza kuifanya kazi hii nyumbani bila kuharibu injini, na anahitaji vifaa gani? La pili, ni kitu gani ambacho fundi hukiona au hukifanya, ambacho mimi nitakikosa nikiacha kwenda kwake? La tatu ni muda wa kubadilisha. Kitabu kilichokuja na pikipiki kinasema kila kilomita 3,000, vijana wa bodaboda wananiambia 1,000, naye fundi anasema nibadilishe nikiona oili imekuwa nyeusi. Sijui nimsikilize nani. Natanguliza shukrani.

Mwalimu_Karakana

Salaam, dada. Nafundisha ufundi wa pikipiki, na kwa swali lako la kwanza jibu langu ni kwamba unaweza, tena kwa injini uliyo nayo unaweza kuliko wengi. Injini ya CG ina asili yake katika Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, na Honda waliitengeneza makusudi kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo, hupita vumbini na huchelewa kupelekwa kwenye matengenezo. Viwanda vya China vimeiiga injini hiyo kwa miaka mingi, ndiyo maana spea zake unazipata hadi kwenye maduka ya vijijini. Haina filta ya karatasi ya kubadilisha kila mara. Ina boliti moja ya kumwagia chini, kifuniko chenye kijiti cha kupimia upande wa kulia, na tumbo linalobeba oili ya karibu lita moja, nyingine pungufu kidogo. Kiasi halisi kimeandikwa kwenye kitabu chako, na mara nyingi kimechongwa pia kwenye ubavu wa injini yenyewe.

Vifaa ni spana inayoenea sawasawa kwenye boliti, na kwa pikipiki nyingi za aina hiyo ni namba 17, iwe ya ringi au ya boksi, wala usitumie ya mdomo wazi wala ile ya kurekebisha, kwa kuwa hizo hula pembe za boliti. Ongeza beseni pana, faneli, kitambaa safi, glavu, na washa mpya ya shaba au ya aluminiamu ya kuweka chini ya kichwa cha boliti. Vyote hivyo ukiviweka pamoja havifikii gharama ya kumlipa fundi kwa mwaka mmoja kwa mwendo unaousema.

Washa injini dakika tatu au nne ipate joto la wastani, halafu izime. Oili ya vuguvugu hutoka upesi na kubeba uchafu uliokuwa umetulia chini, lakini ya moto kabisa itakuunguza mkono. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali palipo sawa. Kabla hujagusa boliti ya chini, fungua kwanza kifuniko cha juu. Watu wengi hulidharau jambo hili, lakini kama kifuniko kimegoma kufunguka, ni heri ulijue wakati oili bado iko ndani kuliko kulijua injini ikiwa tupu. Kisha legeza boliti ya chini kwa spana, malizia kwa vidole, na iache oili itiririke hadi ibaki kudondoka tone moja moja. Usiharakishe hapo.

Sasa nakuja kwenye boliti, na naomba usome sehemu hii mara mbili. Tumbo la injini ni la aluminiamu na boliti ni ya chuma. Ukiilazimisha, kinachokufa ni thredi za injini, ile mikato ambamo boliti hujifunga, na boliti inabaki nzima. Anza kuirudisha kwa vidole vitupu mpaka ifike mwisho. Ikikataa kuingia kwa vidole, imeingia upande, itoe uanze upya. Ikishafika ndipo uikaze kwa spana. Vitabu vya huduma vya injini ndogo kama hizi hutaja nguvu ya kati ya niutonimita 20 na 30. Kwa spana ya urefu wa sentimita 20, hiyo ni kama kuvuta mzigo wa kilo 10 hadi 15 kwenye ncha yake, yaani nguvu ya mkono mmoja bila kuegemeza mwili. Mwanafunzi wangu nikimwona amesimama juu ya spana kwa mguu, namsimamisha kazi papo hapo.

Mimina oili, lakini bakiza kidogo kwenye chupa. Washa injini dakika mbili tatu, izime, subiri dakika nyingine mbili tatu ili oili ishuke, ndipo upime. Kwenye injini za asili ya Honda, kijiti hupimwa kwa kukiingiza tu bila kukizungusha kwenye thredi zake. Ukikikaza kisha ukasoma, kitakuonyesha oili nyingi kuliko iliyomo. Oili ifike kati ya alama ya chini na ya juu, karibu na ya juu, isiizidi. Ikizidi, hupigwapigwa na kutoa povu, na nyingine husukumwa kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye eya klina, yaani chujio la hewa.

Kuhusu chupa ya kununua, namba ya 20W-50 uliyozoea ni sahihi kwa joto la Kilosa, lakini namba hiyo peke yake haitoshi. Kwenye gari, oili ya injini haiigusi klachi. Kwenye pikipiki kama yako, oili hiyo hiyo moja hulainisha pistoni, hulainisha gia, na tena pleti za klachi zimezama ndani yake. Oili nyepesi za magari ya kisasa, za namba kama 0W-20 na 5W-30, aghalabu huwekwa viambato vya kupunguza msuguano ili gari linywe petroli kidogo, na viambato hivyo huzifanya pleti za klachi ziteleze. Utaona injini inalia kwa nguvu mlimani huku pikipiki haisogei inavyostahili. Kwa sababu hiyo, Wajapani waliweka mwaka 1998 kiwango kinachoitwa JASO T 903. Geuza chupa nyuma, utafute kisanduku kidogo chenye neno JASO na herufi MA, MA1 au MA2. Hiyo ndiyo ya klachi iliyozama kwenye oili. Ukikuta MB, ni ya skuta zisizo na klachi ya namna hiyo, iache dukani.

Fundi_Mwanjelwa

Nawasalimu nyote kutoka Mbeya. Nimesoma aliyoyaandika Mwalimu na sina la kupinga katika hatua zake. Hata hivyo, dada yangu ameuliza fundi anakiona nini, na mimi kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha ningependa nijibu hilo kwa kirefu, maana naona watu huhesabu kwamba 3,000 ni malipo ya kufungua boliti na kuifunga.

Pikipiki ikiingia gerejini kwangu kumwaga oili, kabla ya yote nausikiliza mlio wake ikiwa imewashwa. Valvu zilizolegea zina mlio wake, mnyororo wa taimingi kwa injini zenye mnyororo huo una mlio wake, na biringi ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikianza kufa ina ngurumo ambayo mwenye pikipiki ameizoea kidogo kidogo hadi haisikii tena. Oili inapotoka, naipitisha kidogo kati ya vidole vyenye glavu na kuiangalia juani. Ikiwa inang'aa kama ina unga wa fedha, ni aluminiamu inayosagika. Chenga zinazonaswa na sumaku ni chuma, na mara nyingi zinatoka kwenye gia. Vipande vyeusi au vya kahawia vinavyofanana na magamba laini huwa ni mabaki ya pleti za klachi. Ikinuka petroli kali, ama kabureta inamwaga, ama ringi za pistoni zimechoka. Halafu naishika pikipiki yenyewe: natikisa magurudumu, napima mnyororo, naangalia pedi za breki. Fundi asiyefanya hayo, na ambaye anamwachia mwanafunzi kukaza boliti bila kurudi kuikagua, basi kweli hakuna unachomlipia, na unayo haki ya kuondoka kwake.

Lipo pia jambo ambalo Mwalimu amelipitia kwa haraka. Amesema injini ya CG haina filta ya karatasi. Ni kweli, lakini haina maana kwamba haina chujio. Ina vichujio viwili, wavu mdogo unaochomekwa kwenye mfereji wake chini, na chombo cha mviringo kinachozunguka pamoja na kranki, ambacho huzirusha chembe nzito pembeni zikagandamana humo kama tope gumu. Vyote viwili vimejificha nyuma ya kifuniko kikubwa cha upande wa kulia, upande wa kiki na klachi. Unaweza kumwaga oili kila wiki mbili kwa uaminifu na bado usiviguse hata siku moja. Nimefungua injini za bodaboda ambazo hazijawahi kufunguliwa upande huo tangu zitoke kiwandani, nikakuta lile tope limejaa kiasi cha kuchokonolewa kwa bisibisi, na wavu umezibwa na vipande vya gasketi na gundi aliyoimwaga fundi aliyetangulia. Injini ya namna hiyo ina oili mpya tumboni, lakini kule juu kwenye valvu inafika kwa shida.

Kwa Honda nyingi ndogo, vichujio hivyo husafishwa kila kilomita 12,000. Wewe kwa mwendo wako ni mara moja kwa mwaka. Kazi hiyo sikushauri uifanye nyumbani kwa mara ya kwanza peke yako, kwa kuwa inataka gasketi mpya, inataka kulegeza kebo ya klachi na kutoa kiki, na kifuniko kikirudishwa vibaya kitavuja. Siku hiyo hiyo fundi apime nafasi ya valvu injini ikiwa ya baridi, ambayo kwa CG125 ya Honda ni milimita 0.08, lakini kwa yako afuate kitabu chake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: oili ya kila mara mwage mwenyewe, nami sitanuna, na ile 3,000 unayoiokoa iweke upande kwa ajili ya siku moja ya mwaka ambayo utamlipa fundi mzuri kwa kazi kamili. Siku hiyo usikae kwenye benchi. Simama karibu yake, uliza, mwombe akuonyeshe kilichotoka kwenye vile vichujio.

Na juu ya rangi ya oili, samahani kwa fundi mwenzangu wa huko, lakini weusi si kipimo. Oili nzuri imewekwa viambato vya kusafisha, na inageuka nyeusi kwa sababu inaubeba ule moshi na masizi badala ya kuuacha uking'ang'ania kwenye pistoni. Hesabu kilomita. Kitabu kikisema 3,000 kinamfikiria mtu wa barabara ya lami. Vijana wanaosema 1,000 wanafikiria pikipiki inayobeba abiria wawili na gunia tangu alfajiri hadi usiku, kwa gia ndogo, inasimama na kuondoka. Wewe uko katikati yao, una vumbi na una maji. Badilisha kila kilomita 2,000, na masika ukivuka vijito mara kwa mara, usingoje zifike. Ila kuna kitu kinachoiua oili ya vijijini kuliko kilomita, nacho ni eya klina. Vumbi linaloingia humo ni mchanga laini, linapita kwenye silinda, linashuka kwenye oili na kuigeuza msasa. Ukisafisha eya klina kila wiki wakati wa kiangazi, umeisaidia injini kuliko ukibadilisha oili mara mbili zaidi.

Mmiliki_Dodoma

Ndugu Ugani, naongezea upande wa mtu ambaye pikipiki zake zinaendeshwa na wengine. Mimi nina pikipiki kadhaa mikononi mwa vijana kwa mkataba, na kwangu kumlipa fundi mmoja ninayemwamini ni lazima, kwa kuwa mtu aliye na hesabu ya kupeleka jioni si rahisi alale chini ya pikipiki saa nne asubuhi wakati abiria wapo. Lakini kuna sehemu ya kazi ambayo sikubali kumwachia mtu, nayo ni ununuzi wa oili.

Oili ya kupima, ile inayochotwa kwenye pipa na kumiminwa kwenye chupa ya maji, sitaki iguse injini yangu. Huijui namba yake, huijui asili yake, na hakuna wa kumuuliza ikiharibu. Hata ya chupa naikagua: kifuniko kiwe na pete yake ambayo haijakatika, karatasi ya alumini ndani iwe imeshikamana, na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) pamoja na namba ya toleo zisomeke bila kufutika kwa kidole. Oili iliyokwisha kutumika inaweza kuchujwa ikapendeza machoni na kurudishwa kwenye chupa ya jina kubwa. Kwa ajili hiyo, chupa yangu ikiisha naikata kwa kisu papo hapo gerejini kabla haijaokotwa na mtu.

Kila pikipiki ina daftari dogo chini ya siti. Humo huandikwa tarehe, kilomita zilizosomeka, aina ya oili, na kiasi kilichotoka. Hicho cha mwisho wengi hukisahau. Uliweka lita moja, na baada ya kilomita 2,000 ikatoka nusu lita na hakuna palipovuja, basi nusu imeungua, na hiyo ni habari ya ringi au ya mipira ya valvu. Ukimwaga mwenyewe utaipata habari hiyo bure, bora tu uimimine ile ya zamani kwenye chupa yenye vipimo kabla hujaitupa. Kwa kweli, dada, mwenye pikipiki anayeiendesha mwenyewe kama wewe yuko mahali pazuri kuliko mimi, kwani hakuna mtu mwingine kati yake na injini.

Ugani_Kilosa

Nawashukuru sana wote watatu, nimeyaandika haya kwenye daftari na nimekwisha nunua spana namba 17 ya ringi, ambayo nimeijaribu kwenye boliti na inaenea bila kucheza. Kisanduku cha JASO nimekiona nyuma ya chupa niliyo nayo, na herufi ni MA2.

Nimebaki na mawili. Kwanza, oili chakavu niipeleke wapi? Hapa mtaani watu huipaka kwenye nguzo na mbao dhidi ya mchwa, wengine huimwaga mtaroni, na mimi kama mtu wa kilimo moyo unasita. Pili, masika iliyopita nilivuka maji yaliyofika juu ya injini karibu na Mto Mkondoa, na siku chache baadaye oili kwenye kijiti ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Fundi aliimwaga, akaisuuza injini kwa dizeli, akaweka mpya. Je, hiyo ndiyo njia, na ningeweza kuifanya mwenyewe?

Afya_na_Mazingira

Dada, nakujibu la oili chakavu, maana katika mijadala ya namna hii watu huishia kwenye injini na kuisahau ile lita iliyobaki kwenye beseni. Oili iliyofanya kazi ndani ya injini si ile uliyoinunua. Imebeba masizi, petroli isiyoungua, chembe za metali zilizosagika, zinki ya viambato vyake, na kemikali zinazozaliwa na mwako ambazo baadhi yake husababisha saratani. Vitabu vya Honda vyenyewe huonya kwamba oili iliyotumika, ikiachwa igusane na ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu, inaweza kuleta saratani ya ngozi. Kwa hiyo glavu alizozitaja Mwalimu si mapambo, na ukimaliza nawa kwa sabuni na maji, wala usinawe kwa petroli kama ilivyo desturi ya gereji nyingi.

Kwenye udongo haiozi upesi. Ikimwagwa mtaroni, mvua ya kwanza inaipeleka mtoni, na maji hayo unajua yanamwagilia bustani za nani. Utando mwembamba wa oili unatosha kuzuia hewa isiingie kwenye maji ya bwawa la samaki. Kuhusu nguzo, inaonekana kama inasaidia kwa muda, lakini inachuruzika ardhini, na nguzo za zizi la ng'ombe au za banda la mbuzi usizipake kamwe, kwa sababu mifugo hulamba.

Itunze kwenye dumu lenye kifuniko, liandikwe kwa maandishi makubwa kwamba ni oili chafu, liwekwe mbali na watoto, wala lisiwe dumu linalofanana na la mafuta ya kula. Usiichanganye na maji, petroli wala dawa za shambani, kwa sababu ikichanganyika hakuna atakayeipokea. Ukifikisha lita tano, ipeleke kwenye gereji kubwa yenye pipa la kukusanyia. Huko huja watu wanaoinunua kwa jumla, na waulize kama mkusanyaji wao ana kibali, kwa kuwa kisheria hii ni taka hatarishi na iko chini ya usimamizi wa NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Fundi_Mwanjelwa

Nami namalizia la maji. Rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili, na oili ya namna hiyo hailainishi, tena biringi za kranki hupata kutu upesi. Ukiiona, usiendeshe pikipiki hata kwa kilomita moja ya kwenda gerejini. Hapo ndipo kujua kumwaga mwenyewe kunapokuokoa, maana unaifanya kazi pale ilipo.

Ukiivusha pikipiki kwenye maji mengi na ikazima, usipige kiki. Ikiwa imetulia kwa saa kadhaa, maji hukaa chini kwa kuwa ni mazito kuliko oili, na ukilegeza boliti kidogo utaona yakitangulia kutoka. Kama imekwisha kuchanganyika, mwaga yote ikiwa imepoa, weka oili ya bei nafuu lakini ya namba ile ile na yenye JASO MA, washa injini bila kuipa resi kwa dakika kama tano, izime, mwaga tena. Ikitoka bado nyeupe nyeupe, rudia. Ikitoka safi, ndipo uweke ile nzuri, kisha uibadilishe tena mapema, baada ya kilomita 300 au 400.

Dizeli sikushauri, wala mafuta ya taa. Ni nyepesi mno, inaosha utando wa oili kwenye biringi na silinda, na haitoki yote. Inayobaki kwenye mifereji na kati ya pleti za klachi huichanganya oili mpya na kuifanya nyepesi tangu siku ya kwanza. Najua mafundi wengi hufanya hivyo, na najua injini nyingi huendelea kutembea baada ya hapo, lakini zinalipa baadaye.

Mwisho, tafuta mahali maji yalipoingilia. Kwenye injini hiyo kuna mpira mwembamba wa kupumulia unaotoka juu ya tumbo la injini. Ufuate kwa kidole hadi ncha yake. Kwa pikipiki nyingi unaingia kwenye eya klina, lakini mara kwa mara nakuta umechomoka na kuning'inia chini karibu na kiki, au mtu ameukata. Injini yenye joto ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hujikunja na kuyavuta maji kupitia hapo. Urudishe mahali pake, uubane kwa klipu. Kagua pia ile ringi ya mpira kwenye kifuniko cha kupimia oili, na kama imekauka au kupasuka, nunua nyingine kabla mvua za Machi hazijaanza, kwani ni spea ya bei ndogo sana na kila duka la spea za CG wanayo.